Uzembe wa Wakili Katika Kesi ya Kifo: Hoja Hushinda kwa Makabrasha

Marekani bado inatumia kipimo cha mwaka 1984, cha kesi ya Strickland dhidi ya Washington. Aliyehukumiwa kifo athibitishe mawili: wakili wake alifanya kazi chini ya kiwango kinachokubalika, na bila kasoro hizo upo uwezekano wa kutosha kwamba matokeo yangekuwa mengine. Wengi huanguka kwenye hilo la pili. Kulalamika tu kwamba wakili hakuonekana gerezani hakumfikishi mtu popote.

Kwa kawaida hoja hii haiingii kwenye rufaa ya kwanza, kwa sababu rufaa hiyo husoma kumbukumbu za kesi, na uzembe ni yale yasiyomo humo: shahidi ambaye hakuitwa, faili ambalo halikufunguliwa. Husubiri ombi la baada ya rufaa katika mahakama ya jimbo, likiambatana na hati za kiapo.

Chimba hasa awamu ya adhabu, ile inayofuata baada ya mshtakiwa kutiwa hatiani. Katika majimbo mengi, mjumbe mmoja tu wa jopo la raia wanaoamua kesi akikataa, hukumu ya kifo haitoki. Tafuta rekodi za shule, hospitali, ustawi wa jamii na magereza, za mshtakiwa na za wazazi wake pia. Ndugu wahojiwe mmoja mmoja. Wakikaa pamoja, mambo ya aibu hayasemwi.

Wakili wa zamani atasema ulikuwa mkakati, na majaji huuheshimu mkakati. Basi onyesha kwamba aliamua kabla ya kuchunguza. Ndivyo Wiggins, mfungwa aliyehukumiwa kifo, alivyoshinda mwaka 2003: fedha za kuandaa ripoti ya maisha yake zilikuwapo, mawakili hawakuiagiza. Kwa Rompilla, mfungwa mwingine wa kifo aliyeshinda 2005, faili la kosa lake la zamani, ambalo waendesha mashtaka walishatangaza kulitumia, halikufunguliwa.

Kisha kuna saa. Sheria ya 1996 inatoa mwaka mmoja wa kufika mahakama ya shirikisho, tangu hukumu iwe ya mwisho. Ombi la jimbo husimamisha saa hiyo, haliirudishi mwanzo: ukilifungua siku ya 300, zimebaki 65. Na tangu Shinn dhidi ya Ramirez, 2022, ushahidi usiowekwa mbele ya mahakama ya jimbo kwa kawaida haupokelewi katika mahakama ya shirikisho, hata kama aliyeuacha ni wakili wa ombi lenyewe. Mwiba ni kwamba Katiba haimhakikishii mfungwa wakili katika hatua hiyo ya ombi la jimbo.

Ukishinda kwa hoja ya adhabu, hatia inabaki palepale. Adhabu ndiyo husikilizwa upya, na waendesha mashtaka wanaweza kuomba kifo tena.