Nukta iliyodumu picha tano

Saa saba usiku, nami natazama Jua. Lenyewe liko upande wa pili wa dunia. Ninazo picha za SDO, chombo cha NASA kilichorushwa mwaka 2010, ambacho huipiga picha korona, yaani tabaka la nje la gesi ya Jua, kila baada ya sekunde 12, usiku na mchana. Nimechagua kipande kidogo kilicho mbali na madoa yote. Hakina kitu, na ndiyo maana nimekichagua.

Zamani nilikuwa mshabiki wa milipuko mikubwa. Siku hizi imenichosha. Inapendeza, sikatai, lakini ni ya msimu: kuna siku chungu nzima haitokei hata mmoja, na korona haipoi. Uso wa Jua una joto la nyuzi 5,500 hivi, na hiyo korona iliyo juu yake inapita milioni moja. Mwaka 1869, wakati wa kupatwa kwa Jua, watazamaji waliona kwenye mwanga wa korona, uliotawanywa rangi zake, mstari wa kijani usiolingana na elementi yoyote iliyojulikana, wakadhani wamegundua mpya, ikaja kuitwa koroniamu. Ilipofika miaka ya 1940 ndipo mwanafizikia Bengt Edlén akaonyesha kuwa ni chuma tu, chuma kile kile cha misumari, ila kimenyang'anywa elektroni 13. Yaani ilikuwa rahisi zaidi kwao kubuni elementi kuliko kukubali joto la namna hiyo. Siwalaumu.

Wala si kwamba nishati haipo. Korona tulivu inahitaji takriban wati 300 kwa kila mita ya mraba, na uso ulio chini yake unamwaga zaidi ya wati milioni 60 kwa eneo hilo hilo. Hizo 300 ni chenji. Swali ni nani anayezipandisha juu, na kwa njia gani. Wapo wanaosema ni mawimbi ya sumaku, yale aliyoyaeleza mwanafizikia Hannes Alfvén mwaka 1942, na huenda yana sehemu yao. Mimi moyo wangu uko kwa mwanafizikia Eugene Parker.

Mwaka 1988 Parker alieleza hivi: nyuzi za sumaku zimesimika miguu yake kwenye uso unaotokota, na mtokoto huo unaisukuma miguu huku na huku bila mpango. Juu, nyuzi zinajisuka, kama nywele zinazosukwa na mtu asiyetazama anachofanya. Zinabanana mpaka mahali fulani zinakatika, zinaungana upya kwa mpangilio mwingine, na nishati iliyokuwa imefungiwa humo inatoka kama joto. Kila tukio alilikadiria kuwa na nguvu kama sehemu moja ya bilioni ya mlipuko mkubwa. Msidanganyike na udogo huo: nimepiga hesabu, na tukio moja tu ni sawa na nishati ambayo wanadamu wote wanatumia kwa karibu saa moja na nusu.

Haba na haba hujaza kibaba, basi? Inategemea haba ziko ngapi. Mtafiti wa Jua Hugh Hudson aliliweka sharti mwaka 1991: kila ukishuka kwenye matukio yenye nguvu ndogo mara kumi, idadi yake lazima ipande kwa zaidi ya mara kumi. Ikipungua hapo, kibaba hakijai hata uhesabu mpaka lini. Waliohesabu wamepata majibu pande zote mbili za mstari huo, kwa sababu matukio yanayoamua kesi ndiyo hasa yasiyoonekana vizuri.

Hapo ndipo Solar Orbiter, chombo cha Ulaya na NASA cha kulichunguza Jua kwa karibu, ilipoleta raha. Tarehe 30 Mei 2020, ikiwa kilomita milioni 83 hivi kutoka kwenye Jua, ilipiga picha zilizojaa viwako ambavyo watafiti waliviita mioto ya kambi: vya kilomita 400 hadi 4,000, vikidumu kati ya sekunde 10 na 200. Kwenye picha zangu pikseli moja ni kilomita 430 na ushei. Kiwako kidogo kabisa kati ya hivyo kinaingia chote ndani ya pikseli moja.

Na pikseli moja ni mahali pa kuaibikia. Juzi nilipata nukta inayong'aa, safi kabisa, nikamrushia rafiki yangu picha huku nimeshaanza kujipongeza. Akajibu kwa swali: "Imo kwenye picha ngapi?" Nikarudi kuhesabu. Moja. Chembe ya anga ilikuwa imeigonga kamera, basi. Programu za kusafisha picha zipo za kufuta alama kama hizo, lakini nazo zina kasoro yao: kiwako halisi kinachowaka na kuzimika upesi kinafanana mno na uchafu, na kinaweza kufutwa pamoja nao.

Ya leo niliifuata kwa subira zaidi. Picha ya kwanza, pikseli moja imepauka kidogo kuliko jirani zake. Ya pili imeng'aa. Ya tatu ni pikseli mbili, kisha tatu zilizolala mshazari. Ya tano imefifia, na ya sita hakuna kitu, rangi ile ile ya pale ilipoanzia. Haifiki dakika. Nimeandika saa yake kwenye daftari, pembeni nikaweka alama ya kuuliza, kisha nikafungua seti inayofuata.