Kabla hujatuma advansi kwa mpiga picha, omba kuona kazi nzima ya familia moja

Watu wengi wakitafuta mpiga picha wa familia wanaanza na bei. Wanaingia Instagram, wanaona picha kali tatu nne pale juu, wanauliza sh ngapi, wanatuma advansi. Ndugu zangu wakiniuliza huwa nawaambia bei iulizwe mwisho kabisa, kwanza mwambie huyo mpiga picha akuonyeshe kwenye laptopu yake picha zote alizomkabidhi mteja mmoja aliyeridhia kazi yake ionyeshwe, familia moja tu, kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho. Mtu akipiga mwaka mzima hakosi picha kumi za kuposti, hata awe hajaiva kwenye kazi. Kazi nzima ndio itakuambia kama yule mtoto aliyekuwa analia alipata hata picha moja ya maana, kama bibi aliyekaa pembeni yuko kwenye fokasi au kapigwa tu ili awepo, na kama zile za mwisho mwanga ulipopungua zimetoka safi au zimejaa chenga.

Halafu angalia ngozi, na hapa ndipo panaponiuma mimi. Familia zetu zina rangi zote, baba mweusi ti, mama maji ya kunde, mtoto kamfuata babu, sasa unakuta mtu kapiga familia ya watu nane wote wametoka rangi moja kama wamepakwa. Bibi yetu kule Newala ana chale usoni, za Kimakonde, alichanjwa akiwa msichana na mpaka leo akizielezea anakaa vizuri kwenye kiti. Kijana mmoja alikuja kutupiga picha za familia, picha ziliporudi bibi kawa mweupe, mashavu laini, chale hamna. Kumuuliza, akajibu "nimemng'arisha bibi". Bibi aliishika ile picha muda mrefu akauliza huyu ni nani. Yani kumbukumbu ya maisha ya mtu imefutwa kwa kidole na aliyefuta anaona kafanya hisani! Kwa hiyo mimi sasa swali langu la kwanza ni hilo, unaedit vipi ngozi, na nataka kuona mtu mweusi na mtu mweupe ndani ya picha moja na kila mmoja kabaki na rangi yake.

Inawezekana kabisa, ni ufundi tu. Kamera ikiachwa ijipimie mwanga yenyewe inakisia kwamba kilicho mbele yake ni kijivu cha katikati, sasa wewe mweusi umevaa kanzu nyeupe imejaa kwenye fremu, kamera inaiona ile kanzu inapunguza mwanga, uso unapotea. Fundi anajua, anapimia usoni. Asiyejua anaenda kuokoa kwenye kompyuta, anauvuta mwanga juu na ngozi inatoka ya majivu. Na hili lina historia yake, Kodak, watengenezaji wa filamu za kamera, kwa miaka mingi walikuwa wanazipelekea maabara za kusafisha picha kadi yenye picha ya mwanamke wa kizungu, zilijulikana kama kadi za Shirley, ngozi yake ndio ikawa kipimo cha rangi. Baadaye watengenezaji wa chokoleti na wa fanicha walilalamika kwamba kahawia za bidhaa zao hazitoki vizuri, na malalamiko yao ni sehemu ya kilichosukuma filamu kuboreshwa. Kwa hiyo mtu akikuambia ngozi yako ngumu kupiga, tafuta mwingine.

Muulize pia saa ngapi atapenda mpige na kwa nini. Akikubali saa saba mchana nje bila kuuliza kama kuna kivuli, mashaka, maana kwetu huku jua la mchana linakaa utosini na macho yanakuwa mashimo meusi. Hapa Dar jua linazama saa kumi na mbili na kitu na giza linaingia haraka sana, kwa hiyo mkipanga jioni fikeni saa kumi na nusu, sio saa kumi na mbili. Coco Beach kwa mfano inatazama mashariki, jioni mkisimama bahari ikiwa nyuma yenu jua la upande wa Oysterbay linawapiga usoni vizuri, lakini asubuhi mkisimama hivyo hivyo jua linatokea baharini nyuma yenu na bila flashi nyuso zinakuwa nyeusi. Anayeijua sehemu atakuambia hivyo kabla hujauliza. Kama ni masika, mkubaliane mapema mvua ikinyesha mnahamisha siku bila kuongeza hela.

Kitu kingine ni namna anavyoongea na watu. Mzee akiambiwa tu "tabasamu mzee" anakakamaa. Nimemuona mmoja anafika, anampa mzee shikamoo, anakaa kwenye mkeka anaulizia habari za shamba, kamera bado iko kwenye begi, na picha za siku ile mzee anacheka kweli.

Watoto nao, tafadhali, uliza kama ataziposti. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na wenzetu Kenya mwaka huo huo wa 2023 shule moja ilipigwa faini ya zaidi ya shilingi za Kenya milioni 4.5 kwa kutumia picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Andikianeni hata kwa meseji, ipi iposti ipi hapana.

Na msikubali kutumiwa picha WhatsApp kama picha za kawaida, zinabanwa zinapoteza ubora. Mwambie aziweke kwenye flashi ya kompyuta au Google Drive, faili kubwa. Ukitaka kuprinti inchi 8 kwa 10 ya kuweka kwenye fremu unahitaji kama pikseli 2400 kwa 3000 ili itoke safi, na hilo liseme siku ile ile mnapokubaliana bei, pamoja na picha ngapi zitaeditiwa na utazipata baada ya siku ngapi.