Mshale haujui kanzu ni nyeupe

Jumapili, jioni.

Daftari la wiki hii limejaa namba: f/16, f/4, 1/250, na alama za kuuliza pembeni. Nayaandika haya kabla filamu haijasafishwa, maana picha zikishatoka macho hukimbilia picha, na sababu ya mwanga kukosewa husahaulika.

Jambo la kwanza kabisa, ambalo lingepaswa kutangulia hata kabla ya kufundishwa jinsi ya kuweka mkanda: mita ya mwanga haijui inaangalia nini. Inapima mwanga unaorudi kutoka kwenye kitu, basi. Imetengenezwa ikichukulia kwamba kila kilicho mbele yake, kikichanganywa, ni kijivu cha kati, kile kinachorudisha kama asilimia 18 ya mwanga unaokiangukia. Ielekeze kwenye kanzu ya Ijumaa, itataka kanzu iwe ya kijivu. Ielekeze kwenye kinyago cha mpingo pale Mwenge, itataka mpingo nao uwe wa kijivu. Mpiga picha ndiye anayejua kipi cheupe na kipi cheusi, na hapo ndipo kazi yake inapoanza.

Nachukua Pentax K1000 kuwa mfano, kamera iliyotengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997, kwa sababu haina mambo mengi na shata yake, lile pazia linalofunguka kupitisha mwanga, hufanya kazi hata betri ikifa. Betri ni ya mita peke yake. Ukichungulia, upande wa kulia kuna mshale mwembamba. Ukikaa katikati, mita imeridhika, ukipanda, mwanga umezidi, ukishuka, umepungua. Unauhamisha kwa vitu viwili tu: kasi ya shata, inayohesabiwa kwa sehemu za sekunde, na tundu la lenzi, lenye namba za f, ambazo zikikua tundu hupungua. Kutoka 1/125 kwenda 1/250 umekata mwanga nusu. Kutoka f/8 kwenda f/11 umekata nusu vilevile. Nusu hiyo, au maradufu yake, ndiyo stopu moja, na mazungumzo yote na mita hufanyika kwa stopu.

Kabla ya kuuamini mshale, iambie kamera umeweka filamu gani. K1000 haisomi alama za kwenye kopo la filamu. Unainua ukingo wa kile kitufe cha kasi ya shata na kuuzungusha mpaka namba ya ISO, yaani wepesi wa filamu kuhisi mwanga, ionekane kwenye kidirisha chake. Kosa la kuacha 400 ya mkanda uliopita huku ndani kuna 200 ni la kawaida mno, nalo linakata stopu moja kwenye kila picha, kuanzia ya kwanza hadi ya 36. Kwa hiyo kata kipande cha boksi la filamu ukibandike mgongoni mwa kamera. Ni jambo dogo linalookoa mkanda mzima.

Jua la Dar es Salaam ni mwalimu mzuri wa kuikagua mita. Mji uko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na mchana wa anga safi mwanga wake haubadiliki sana siku hadi siku. Kanuni ya zamani inasema: kwenye jua kali weka f/16, na kasi ya shata iwe sekunde moja igawanywe kwa namba ya ISO. Kwa filamu ya 200, kasi iliyo karibu ni 1/250. Elekeza kamera kwenye majani mabichi ya kawaida, au lami iliyopauka kwa jua, uone mshale unasemaje. Ukiwa katikati au jirani na katikati, mita ni nzima. Ukitofautiana kwa stopu mbili, usibishane na jua, tazama betri.

Betri yenyewe ni ile ya kidonge, LR44 au SR44, na fundi saa yeyote wa Kariakoo anaijua. Chukua SR44 ukiipata. LR44, ile ya alkali, hupungua volti polepole na mita huanza kupotea bila kukuarifu, wakati SR44, ya madini ya fedha, hushikilia volti zake karibu mpaka mwisho. Mita ya K1000 haina swichi, kwa hiyo kifuniko cha lenzi ndicho kinachoipumzisha. Ukiiacha wazi mezani betri inaliwa usiku kucha. Na kwa hewa yetu ya chumvi, fungua kile kifuniko cha chini mara moja moja. Ukikuta unga mweupe au wa kijani, chovya pamba ya masikio kwenye siki kidogo, sugua, kausha vizuri, ndipo urudishe betri. Wenye kamera za zamani zaidi, zilizoundwa kwa betri za zebaki za volti 1.35, wawe macho: wakitia ya volti 1.5 ya siku hizi, nyingi kati ya mita hizo zitaona mwanga mwingi kuliko uliopo, na picha zitatoka nyeusi.

Sasa kanisa la Azania Front, pale mbele ya bandari. Kuta nyeupe, paa jekundu, jua la saa tano asubuhi. Jaza ukuta kwenye kioo cha kuchungulia cha kamera, filamu ya 200. Mshale unatulia katikati kwenye f/16 na 1/1000. Geuza kamera taratibu kuelekea majani yaliyo juani: mshale unaporomoka, na ili urudi katikati inabidi ushushe kasi hadi 1/250. Jua ni lile lile, saa ni ile ile, tofauti ni stopu mbili nzima. Ukipiga kwa namba za ukuta, unapata kanisa la kijivu, na watu waliosimama mbele yake wanakuwa vivuli. Ukipiga kwa 1/250, ukuta unabaki mweupe. Ndiyo maana penye kitu cheupe unaongeza stopu moja na nusu hadi mbili juu ya alichosema mshale. Mpingo ni kinyume chake. Kwenye kivuli cha banda mita ikikupa f/2.8 kwa 1/60, funga hadi f/4 na upandishe hadi 1/125, la sivyo weusi wake unaolalia kwenye wekundu unapauka, na uzuri wote wa kazi ya fundi unapotea.

Sura za watu ndizo zinazonifanya niandike kirefu. Mafunzo mengi yanasema ngozi iko stopu moja juu ya kijivu, hivyo pima uso kisha uongeze stopu moja. Hiyo ni ngozi ya Mzungu. Ukiufuata ushauri huo kwa mama mweusi aliyeketi barazani, uso wake utatoka umepauka kama uliopakwa poda. Uso mweusi ukijaza kioo, mita tayari imekwisha kumwongezea mwanga. Unachotakiwa ni kupunguza, nusu stopu kwa maji ya kunde, stopu moja kwa mweusi sana. Njia ninayoiamini zaidi ni kiganja. Viganja vya watu havitofautiani sana kama nyuso zao. Nyoosha mkono, kiganja kiwe kwenye mwanga ule ule unaomwangukia mtu na kielekee kamera, kijaze kwenye kioo bila kukitia kivuli chako, kisha usome. Kiganja kiko kama stopu moja juu ya kijivu. Mita ikisema f/5.6 kwa 1/250 pale barazani, wewe weka f/4. Baada ya hapo usiuangalie mshale tena. Shangazi akivaa kanga nyeupe au dira jeusi, mwanga unaomwangukia ni ule ule, na namba zako zinabaki zile zile mpaka yeye ahame au wingu lipite.

Hilo la kutoutazama tena ndilo gumu kulizoea. Mkono unataka kuufuata mshale kila unapotikisika.

Anga nayo inadanganya. Daladala lililosimama kituoni, anga jeupe la mawingu limejaa nusu ya picha: mita inasoma anga, daladala linatoka jeusi. Inamisha kamera chini, anga litoke kabisa, soma, kumbuka namba, inua, piga. Ukibaki na shaka na filamu ni ya negativu ya rangi, ongeza mwanga. Inavumilia stopu mbili za ziada bila kulalamika, lakini ikikosa stopu mbili vivuli vinakuwa tope, na fundi wa kusafisha hana dawa yake. Filamu ya slaidi, ile inayotoa picha yenyewe badala ya negativu, haina huruma hiyo, hata nusu stopu inaonekana.

Kuhusu ISO 400 mchana: si chaguo langu. K1000 inaishia 1/1000, hivyo juani hutaweza kufungua lenzi zaidi ya f/11.

Jioni, kutoka Kigamboni, jua linazama nyuma ya maghorofa ya Posta. Pima anga iliyo kando ya jua, jua lenyewe likiwa nje ya kioo, na majengo yatoke meusi yenye kingo safi. Huku kwetu jua huzama wima, giza halikawii, na namba za dakika tano zilizopita hazifai tena. Seli ya mita hii nayo ni nzito kwenye mwanga hafifu. Ukitoka kuielekeza kwenye mng'ao wa maji, subiri sekunde kadhaa mshale utulie. Ndani ya pantoni saa moja kasoro, ISO 200, nilichoandika ni f/2 kwa 1/30. Kiwiko kwenye chuma cha ukingo hakisaidii, maana chuma chenyewe kinatetemeka kwa injini. Viwiko vibane mbavuni, miguu ipanuke kidogo, na usubiri pantoni liguse ng'ambo na injini ipunguze mngurumo. Hapo 1/30 inashikika.