Bwawa la mdogo wangu kule Edmonton

Jana usiku nilikaa kibarazani hapa Tabata, jasho linanitiririka, simu sikioni na daftari mapajani, nampigia mdogo wangu hesabu za bwawa la kuogelea. Yuko Edmonton, Kanada. Fundi alishampa bei ya kuchimba na kujenga, naye akaona kamaliza.

Nikamwambia, mdogo wangu, tuanze na maji. Mita 8 kwa 4, kina cha wastani mita 1.5: lita 48,000. Ni matanki 48 ya lita elfu moja kama hili letu la uani. Kupandisha joto lake nyuzi 1 tu kunataka kama uniti 56 za umeme. Kutoka nyuzi 12 hadi 27 ni uniti 840 hivi, kabla ya joto linalopotea usiku. Akanyamaza. "Dada, hiyo sikuiweka." Pampu ya joto, ile inayovuta joto la hewani na kulipeleka kwenye maji, itapunguza sana uniti hizo, ila nayo inanunuliwa. Turubai la kufunikia ni lazima, maana joto jingi huondoka na mvuke.

Halafu baridi yenyewe. Maji yakiganda hutanuka, bomba lenye maji linapasuka. Kila vuli, kabla ya majira ya baridi ya huko, ashushe maji, apulize mabomba kwa hewa, afunike. Kila mwaka, jamani!

Nimemsihi atenge na fungu la dharura. Natamani sana wanawe waogelee kama sisi tulivyokuwa tukienda Coco Beach Jumapili. Wikiendi hii ananitumia bei ya pampu.