Siku Moja Maishani Mwangu: Kompyuta Arobaini za Mbagala Bila Flashi Hata Moja

Saa 11:30 alfajiri. Anayefika kituo cha mabasi ya mwendokasi cha Kimara, Dar es Salaam, baada ya saa 12 husimama njia nzima, kwa hiyo nilitoka nyumbani giza halijaisha na nikapata kiti. Kufika Magomeni nilikuwa nimeshachora tena kwenye daftari mchoro ule ule wa jana: kompyuta tupu upande wa Mbagala, seva ya DHCP (inayogawa anwani za mtandao) ofisini kwetu Kisutu, na kati yao swichi, ruta na fayawoli, ambavyo kila kimoja kina uwezo wa kuniharibia siku.

Saa 2:00 asubuhi. Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Tawi la chuo kimoja kule Mbagala lina maabara ya kompyuta arobaini, ambapo ishirini na nane ni za zamani zinazotumia BIOS na kumi na mbili ni mpya zenye UEFI (zote mbili ni programu za ndani zinazoamsha kompyuta). Windows 10 iliacha kupewa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na zile za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11, kwa hiyo uongozi uliamua maabara yote iwekewe Debian, mfumo endeshi wa jamii ya Linux. Fundi mwingine angebeba flashi nne na kukaa huko siku mbili akizunguka meza hadi meza. Mimi niliomba siku moja, kwa masharti kwamba kijana wetu wa mafunzo kwa vitendo atangulie Mbagala na kupanga kila kompyuta ianze kutafuta mfumo kwenye mtandao kabla ya diski, kwa kuwa hiyo ndiyo sehemu pekee ya kazi hii inayohitaji vidole vya mtu.

Utaratibu wa kubuti kwa mtandao, PXE, ni wa zamani, toleo 2.1 ambalo bado tunalitegemea lilitolewa na Intel mwaka 1999. Kompyuta isiyo na mfumo endeshi haina ijualo isipokuwa kuuliza. Kadi yake ya mtandao hupiga mbiu kupitia poti ya UDP 67 ikiomba anwani ya IP, na katika ombi hilo hujitambulisha kuwa ni PXEClient. Seva ya DHCP huijibu kwa anwani, na pamoja nayo huitajia mashine yenye faili la kuanzia na jina la faili hilo, kisha kadi hulifuata faili kwa TFTP, njia rahisi ya kuhamishia mafaili, kupitia poti ya 69. Mbiu haivuki kutoka VLAN moja (kipande cha mtandao kilichotengwa) kwenda nyingine, kwa hiyo jambo la kwanza nililofanya asubuhi ile, kwa SSH, yaani kwa kuingia kwa mbali, nikiwa Kisutu, lilikuwa kuifanya ruta ya Mbagala kuwa tarishi: ipokee mbiu za VLAN ya maabara na kuzipeleka moja kwa moja kwenye anwani ya seva yetu.

Jambo la pili lilikuwa jina la faili, na hapa nimeona mafundi wengi wakijikwaa. Huandika jina moja tu kwenye chaguo namba 67 la DHCP, yaani nafasi ya jina la faili, mara nyingi pxelinux.0, halafu hushangaa kompyuta mpya zinapokataa. Faili hilo ni la BIOS, nayo UEFI haina matumizi nalo. Kompyuta yenyewe hutaja aina yake katika chaguo namba 93, ambapo 0 ni BIOS na 7 ni UEFI ya biti 64, kwa hiyo nilielekeza seva isome namba hiyo kwanza: wa 0 wapewe pxelinux.0, wa 7 wapewe bootnetx64.efi ya Debian. Faili hilo la pili limesainiwa kwa ufunguo wa Microsoft, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kuzima Secure Boot, kinga inayokataa faili lisilosainiwa, kwenye zile kumi na mbili.

Mafaili yenyewe sikuyaweka Kisutu. Mkuu wangu aliniuliza kwa nini nasumbuka kuandaa mashine nyingine Mbagala wakati faiba ipo na ina kasi ya kutosha. Nilimfanyia hesabu ubaoni. TFTP ya asili hutuma kipande cha baiti 512, kisha husubiri kipokelewe na kujibiwa ndipo itume kingine. Tuseme kerneli (kiini cha mfumo) na initrd (mafaili yake ya kuanzia) kwa pamoja ni megabaiti 50. Hivyo ni vipande 102,400. Kwenda na kurudi kati ya Kisutu na Mbagala kukichukua milisekunde 20, kompyuta moja itasubiri sekunde 2,048, yaani dakika 34, kabla hata haijaanza kusakinisha chochote, na upana wa faiba hautapunguza dakika hata moja. Vipande vinaweza kukuzwa, utaratibu wake upo tangu mwaka 1995, lakini dawa ya kweli ni kuyasogeza mafaili jirani na kompyuta. Mkuu alitazama ubao, akasema, "Basi iandae." Niliingia kwa mbali kwenye kompyuta moja ndogo iliyokuwa imekaa bure katika chumba cha seva cha Mbagala, nikaiwekea TFTP pamoja na ghala la vifurushi vya Debian, ili kompyuta ya kwanza ivute vifurushi kupitia faiba na nyingine zivichukue pale pale.

Saa 4:00 asubuhi. Jaribio la kwanza. Kijana alinipigia simu: "Kaka, imeandika PXE-E51." Maana yake hakuna aliyeijibu. Nilifungua tcpdump, programu ya kutazama pakiti zinazopita, kwenye seva ya DHCP na kumwambia aiwashe tena. Kimya kabisa; ombi halikuwa limefika Kisutu. Lakini kompyuta ile ile, ilipowashwa kwa Windows yake ya zamani, ilipata anwani bila shida yoyote.

Nilipoteza karibu saa nzima nikiilaumu ruta, na aliyenitoa gizani ni kijana yule. Alisema, kama mtu anayetaja jambo lisilo na uzito, kwamba taa ya tundu la swichi hubaki ya rangi ya machungwa kwa muda mrefu kila kompyuta inapoanza, na ikigeuka kijani skrini huwa imeshaandika kosa. Nilimwomba ahesabu. Sekunde thelathini. Hiyo ni Spanning Tree, itifaki inayozuia mizunguko kati ya swichi: tundu likipata uhai, swichi husikiliza kwa sekunde 15 na kujifunza kwa sekunde 15 nyingine kabla ya kupitisha pakiti ya mtumiaji. Windows haikuwahi kuathirika kwa sababu yenyewe huchelewa kuamka. Ili kuthibitisha, nilimwambia achukue ile swichi ndogo ya matundu matano isiyo na mipangilio, aipachike kati ya kompyuta na ukuta, ili tundu la swichi kubwa lisizimike kadi inapojianzisha upya. Anwani ilikuja papo hapo. Niliwasha portfast, mpangilio unaoruka kusubiri huko, kwenye matundu yote arobaini ya maabara, pamoja na kinga ya kulifunga tundu lolote ambalo mtu atachomeka swichi nyingine yenye Spanning Tree. Matundu yanayounganisha swichi kwa swichi sikuyagusa, kwani kuwasha portfast huko ni kualika mzunguko uuangushe mtandao wa jengo zima.

Kosa lililofuata, PXE-E32 (seva ya TFTP haikujibu kwa wakati), lilichukua dakika kumi tu. Ombi la TFTP huingia kwa poti ya 69 lakini majibu hutoka kwenye poti nyingine isiyotabirika, na fayawoli iliyo kati ya VLAN mbili ilikuwa ikiyatupa.

Saa 7:00 mchana. Wali, maharage na mchicha kwa mama ntilie, kisha gari la kazini na foleni ya barabara ya Kilwa.

Saa 8:40 mchana. Mama msimamizi wa maabara alikuwa mlangoni. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Jumatatu nina darasa, unajua?" Nilijua.

Kabla ya kuwasha kundi la kwanza nilikagua folda moja mara mbili. Pxelinux, ikishapakiwa, hutafuta faili la mipangilio lenye jina la MAC (namba ya utambulisho ya kadi ya mtandao) ya kompyuta husika, likitanguliwa na 01 na kuandikwa kwa herufi ndogo na vistari (herufi kubwa haizitambui), na ikikosa kabisa huangukia faili liitwalo default. Miaka kadhaa iliyopita, katika ofisi ambayo sitaitaja, niliweka amri ya kusakinisha ndani ya default. Mhasibu alichomeka kompyuta yake kwenye kebo ya chumba kile, akaiwasha, akaenda kunywa chai. Aliporudi alikuta mfumo mpya na diski isiyo na hesabu za mwezi. Tangu siku ile default yangu husema jambo moja tu, anzia kwenye diski, na amri ya kusakinisha hukaa katika mafaili ya MAC pekee. Faili la majibu ya Debian, preseed, lina amri ya mwisho inayoiarifu seva ifute faili la MAC hiyo, ili kompyuta isijisakinishe upya kila asubuhi. Kwa zile za UEFI niliandika kanuni hiyo hiyo katika menyu ya GRUB, programu inayoanzisha mfumo upande wao.

Tuliwasha kumi. Ya kwanza ilikwenda pole pole, tisa zilizofuata ziliteremka kama maji.

Saa 9:50 alasiri umeme ulikatika kundi la tatu likiwa katikati. Seva na swichi zilibaki hai kwa betri za UPS, lakini kompyuta kumi zilizimika diski zikiwa nusu. Mama msimamizi alishika kichwa. Umeme uliporudi baada ya robo saa, kijana alizibonyeza zote, nazo, kwa kuwa mafaili yao ya MAC hayakuwa yamefutwa, zilianza upya bila kuulizwa.

Saa 12:10 jioni. Niliorodhesha folda. Palikuwa na default na majina mawili ya ambazo hazijamaliza: kompyuta moja ya dirishani ambayo diski yake haionekani hata kwenye BIOS, na nyingine ambayo tundu lake la kebo limelegea. Nilimwachia kijana namba za meza zao, nikaizima TFTP, nikapanda daladala pale Rangi Tatu.