Lea, Mke Asiyependwa, na Wake wa Tamthilia za Asia

Neno la wiki: Mwanzo 29:31, "BWANA akaona ya kwamba Lea hakupendwa."

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Ukikaa na watu wanaofuatilia tamthilia za Asia utawasikia wakibashiri mambo kabla hayajatokea, hata kama ya leo ni ya Korea na waliyoimaliza juzi ilikuwa ya Ufilipino. "Huyo rafiki yake ndiye anayetembea na mumewe." "Mama mkwe anajua kila kitu." "Hajafa huyo, atarudi." Na mara nyingi wanapatia. Nchi zenyewe zinatofautiana lugha, dini na chakula, lakini ndoa zinazoumia kwenye runinga zao zinaumia kwa namna moja. Wiki hii naomba tulitazame jambo hilo tukiwa na Biblia mkononi, maana nyumba ya Yakobo ilipita humo humo miaka mingi kabla ya Seoul na Manila.

Tuanze na The World of the Married, iliyorushwa Korea Kusini mwaka 2020. Daktari Ji Sun-woo anaona unywele mmoja mrefu kwenye skafu ya mumewe, na unywele ule si wake. Anachunguza kimya kimya siku baada ya siku, mpaka anapofungua buti la gari la mumewe na kukuta simu asiyoijua. Ndani yake kuna picha za mume na yule binti wakiwa matembezini, tena na marafiki wa familia, wale wale wanaokaa mezani kwake, wanaocheka naye. Wote walijua. Nadhani hapo ndipo watazamaji walipovunjika moyo pamoja naye. Usaliti wa mume ni kidonda, lakini kugundua kwamba kila mtu alikuwa anakuangalia usoni huku anajua, hiyo ni aibu ya namna nyingine kabisa. Sehemu ya mwisho ilivuka asilimia 28 ya watazamaji, kiwango ambacho tamthilia ya chaneli za kulipia nchini humo haikuwa imewahi kukifikia.

Nenda Ufilipino kwenye The Legal Wife ya mwaka 2014, utakuta mchepuko ni rafiki kipenzi wa mke. Rudi Korea kwenye Temptation of Wife, iliyoanza mwaka 2008, utakuta aliyemchukua mume wa Eun-jae ni msichana aliyelelewa na wazazi wa Eun-jae mwenyewe, kama dada yake. Adui yuko ndani ya nyumba, anajua funguo zinawekwa wapi. Mtunga Zaburi aliyapitia hayo. Katika Zaburi ya 55 anasema kama aliyemtukana angekuwa adui angevumilia, lakini ni mwenzake, rafiki yake, mtu waliyekuwa wakienda pamoja nyumbani mwa Mungu.

Kufanana kwingine kuna sababu ya kibiashara. The World of the Married ilitoka kwenye tamthilia ya Uingereza iitwayo Doctor Foster, ya mwaka 2015, na mwaka 2022 Wafilipino nao wakaitengeneza ya kwao, The Broken Marriage Vow. Temptation of Wife ilitengenezwa upya China mwaka 2011, kisha Ufilipino mwaka 2012. Wananunuliana hadithi. Lakini hakuna anayenunua hadithi asiyeamini kwamba watu wake wataitambua. Mchina, Mkorea na Mfilipino waliitambua. Sisi pia tuliitambua.

Sasa fungueni Mwanzo 29. Yakobo anafanya kazi miaka saba kwa ajili ya Raheli, na maandiko yanasema miaka ile ilikuwa machoni pake kama siku chache kwa jinsi alivyompenda. Usiku wa harusi unafika. Kunapambazuka, aliye pembeni yake ni Lea, dada mkubwa wa Raheli. Labani, baba mkwe, anajitetea kwa kusema kwamba kwao si desturi kumwoza mdogo kabla ya mkubwa. Yakobo anatakiwa amalize juma la Lea, ndipo apewe Raheli pia, kwa miaka mingine saba ya kazi. Tumezoea kumhurumia Yakobo aliyedanganywa, na Raheli aliyesubiri. Ni mara ngapi tumejiuliza Lea aliingiaje mle hemani? Nani alimwuliza? Usiku ule Biblia haituandikii neno hata moja kutoka kinywani mwake. Asubuhi anasikia mume wake mpya akimgombeza baba yake kwamba amedanganywa, na udanganyifu wenyewe ni yeye.

Halafu kuna habari ya tunguja, matunda yaliyoaminiwa kumsaidia mwanamke kupata mimba, katika sura ya 30, ambayo mwandishi yeyote wa tamthilia angeililia. Reubeni, mtoto wa Lea, anaokota tunguja kondeni na kumletea mama yake. Raheli anaziomba. Lea anamjibu kwa uchungu wa miaka: umeninyang'anya mume, sasa unataka na tunguja za mwanangu? Wanapatana. Raheli anapata tunguja, Lea anapata usiku mmoja na Yakobo. Jioni Lea anatoka kwenda kumlaki mume wake njiani ili amwambie kwamba leo atalala kwake, maana amemlipia. Dada wawili wa baba mmoja wanauziana zamu za mwanaume ambaye ni mume wa wote wawili. Neno la Mungu halikuificha aibu ile, nami namshukuru Mungu kwa hilo, kwa sababu wapo kati yetu wanaodhani mambo ya nyumbani kwao ni machafu mno kuletwa mbele zake.

Jambo jingine linalofanana ni yale mapambano ya hadharani. Mke anaingia kwenye sherehe, anamwaga ukweli mbele ya wageni, kofi linalia, watu wanashika midomo. Wengine wanasema ni kutia chumvi tu. Mimi naona ni mahakama. Angalieni sheria za nchi hizo. Korea Kusini uzinzi ulikuwa kosa la jinai tangu mwaka 1953, kifungo hadi miaka miwili, mpaka Mahakama ya Katiba ilipoifuta sheria hiyo Februari 2015. Ndiyo maana miaka mitano baadaye mume wa Sun-woo anaweza kusimama na kufoka kwamba kupenda si kosa, na nchi nzima ikawaka. India, kwa sheria ya tangu mwaka 1860, mume angeweza kumshtaki mwanaume aliyezini na mkewe, lakini mke hakuwa na haki ya kumshtaki mume wake. Ilifutwa Septemba 2018. Ufilipino talaka haipo, isipokuwa kwa Waislamu wenye sheria yao, na sheria ya jinai ya mwaka 1930 humtia mke hatiani kwa tendo moja, wakati kwa mume lazima ithibitike kwamba amemweka hawara ndani ya nyumba ya ndoa, au anaishi naye kwingine, au amefanya kwa namna ya kuleta fedheha. Mwanamke asiyekuwa na pa kusemea mashtaka yake hupewa na mwandishi wa tamthilia ukumbi wenye mashahidi. Watu wanapiga makofi kwa sababu angalau hapo kesi imesikilizwa.

Na hapa nakumbuka Yohana 8. Walimleta mwanamke aliyefumaniwa akizini, katika tendo lile lile, walisema. Mwanaume wake alikuwa wapi? Torati katika Walawi 20 iliwataja wote wawili. Yesu hakuingia katika kesi ya upande mmoja. Aliinama akaandika chini kwa kidole, na wale waliokuja na mawe wakaondoka mmoja mmoja, kuanzia wazee.

Kuhusu mama wakwe nitasema machache, kwa kuwa kila tamthilia ya Kihindi inawamaliza. Ila iko moja ya Kichina ambayo wengi wenu mnaikumbuka, Doudou na Mama Wakwe Zake, iliyotiwa sauti za Kiswahili na kuoneshwa TBC mwaka 2011. Rais Xi Jinping aliitaja katika hotuba yake Dar es Salaam mwezi Machi 2013. Mao Doudou ni nesi, ameolewa na kijana ambaye wazazi wake waliachana na baba akaoa tena, kwa hiyo anajikuta na mama wakwe wawili. Hakuna anayetupwa baharini mle. Kuna maneno, kununa, kupatanisha, na kurudi tena kesho yake. Kwa maoni yangu ile ilitufaa kuliko nyingi zilizokuja baada yake, kwa sababu watu wake walisemezana.

Zile nyingine huishia kwenye kisasi. Eun-jae, mjamzito, anaachwa na mumewe afe baharini. Anaokoka, anarudi na jina jipya na alama nyeusi usoni, anamnasa mume yule yule ili amwangamize. Sun-woo anamshinda mumewe mahakamani, anapata nyumba, anapata mtoto. Mwishoni mtoto yule, Joon-young, anawaacha wazazi wake wote wawili na kukimbia. Nawasifu waandishi kwa ukweli huo. Vita vya mke na mume vilimla mtoto.

Nyumba ya Yakobo nayo ilimfikia mtoto. Wana wa mke asiyependwa walimchukia Yusufu, mwana wa mke aliyependwa, wakamtupa shimoni. Na aliyetoa wazo la kumwuza kwa Waishmaeli alikuwa Yuda, mwana wa nne wa Lea, yule ambaye mama yake alipomzaa alisema sasa atamsifu BWANA. Chuki ya hema mbili iliingia kwa watoto bila mtu kuwafundisha.

Tamthilia nyingi zingefunga pazia hapo. Mwanzo haifungi. Ruka hadi sura ya 44. Wana wa Yakobo wako Misri mbele ya mtawala wasiyejua kwamba ni Yusufu, na Benyamini, mwana wa mwisho wa Raheli, anatakiwa abaki mtumwa. Yuda anasogea na kusema. Katika maneno yake anamnukuu baba yao: mnajua ya kuwa mke wangu alinizalia wana wawili. Someni mstari wa 27 polepole. Yakobo, mwenye wana kumi na wawili, anasema mke wake alimzalia wawili. Uzeeni bado "mke wangu" ni Raheli peke yake. Na anayeyarudia maneno hayo mbele ya mgeni ni mtoto wa Lea. Fikirini ni mara ngapi mama yake aliyasikia. Fikirini yeye mwenyewe aliyasikia akiwa na umri gani. Yuda anayasema bila kuyapinga, kisha anaomba awe mtumwa badala ya kijana, ili kijana aende kwa baba yake. Mwana wa asiyependwa anajitoa kwa ajili ya mwana wa aliyependwa. Yusufu hakuweza kujizuia tena, akalia kwa sauti mpaka nyumba ya Farao ikasikia.

Katika ukoo wa huyo Yuda alizaliwa Bwana wetu. Mathayo hakuona haya kuuandika.

Ninalolishika zaidi ni hili: Biblia haisemi popote kwamba Yakobo alikuja kumpenda Lea. Tamthilia hutupa mume anayerudi analia, amepiga magoti kwenye mvua. Lea hakupewa hayo. Katika sura ya 49 Yakobo anasema tu kwamba huko Makpela, walikozikwa Ibrahimu na Sara, Isaka na Rebeka, ndiko alikomzika Lea. Raheli alizikwa njiani kwenda Efrathi. Tusimtie Yakobo mapenzi ambayo Neno halikuyaandika. Lililoandikwa ni kwamba BWANA aliona. Aliona kabla Lea hajaomba, wakati hakuna aliyekuwa anamtazama.

Ndiyo maana linaniuma kuona tunamlilia Sun-woo kila jioni, halafu dada wa jumuiya yetu akija na habari ile ile tunamwambia avumilie, asitoe siri za ndani, aombe zaidi. Wengine tumekuwa kama wale marafiki wa kwenye simu ya buti, tunajua na tunakula mezani kwake. Lea hakuwa na pa kwenda. Mtu asimtumie kumfunga mwanamke anayepigwa. Kwetu lipo dawati la jinsia na watoto polisi, lipo baraza la usuluhishi la ndoa, na wapo wazee wa kanisa waliowekwa kwa kazi hiyo. Na ninyi akina baba mnaosoma hapa, wapo pia waume wanaoishi kama Lea, wanaoona aibu kusema. Nao wasikilizwe.

Wiki hii tusome Mwanzo 29, 30, 37 na 44, sura moja kwa usiku mmoja, wenye watoto wakubwa wasome nao. Kwenye maombi ya Alhamisi tutaziombea ndoa tatu ambazo wenyewe wameomba tuzibebe. Majina yao yatabaki kwa viongozi. Atakayetaka kuzungumza kabla ya siku hiyo, mlango wa mama mchungaji uko wazi kuanzia saa kumi jioni, na anaweza kuja na mtu anayemwamini.