Siku yangu moja kliniki ya moyo

Saa 11 alfajiri nishaamka, chai ya rangi na kiporo, mbio kituoni. Saa 1 na nusu nafika kliniki foleni ishatoka nje ya mlango.

Kazi ya kwanza mizani. Watu wanadhani tunaangalia nani kanenepa, wapi, sisi tunatafuta maji yanayojaa mwilini moyo ukishindwa kusukuma damu vizuri, mtu akiongeza kilo 2 ndani ya siku 3 hiyo sio ugali.

Saa 3 kaingia babu mmoja katokea Kibaha, mguu ukibonyeza kidole kinaacha shimo, usiku analalia mito 3 asikabwe. Shikamoo babu, vidonge vipi? "Mjukuu wangu vile vya kukojoa leo sijameza, ningejikojolea kwenye daladala?" Nikacheka ila ana haki, nikamwambia siku ya kliniki ameze akisharudi nyumbani. Kumbe na karvediloli, dawa ya kupumzisha moyo, kaacha mwezi mzima eti miguu ilinywea, alijua kapona.

Hapo ndo huwa nachoka jamani. Presha ikikaa juu miaka na miaka moyo unasukuma kwa shida, nyama yake inakuwa nene, mwisho inachoka inatanuka kama lastiki ya zamani. Figo zikiona damu inakuja kidogo zinadhani mwili umekauka, zinang'ang'ania chumvi na maji, zinajifanya kusaidia kumbe ndo zinauzamisha moyo. Furosemaidi, vile vidonge vya kukojoa, inatoa yale maji tu, ndo maana nafuu inakuja haraka. Enalaprili, spironolaktoni na karvediloli ndo zinazima ule mchezo wenyewe na kuupumzisha moyo, zinaongeza maisha, ila ukimeza husikii kitu, na watu wanaacha hizo hizo! Daktari kasema maji yapungue kwanza ndo karvediloli ianze upya, kwa dozi ndogo.

Saa 6 mama kijana, kajifungua miezi 2 iliyopita, pumzi hana, nyumbani wanasema ni uchovu wa kunyonyesha. Eko, kile kipimo cha picha ya moyo, imeonyesha moyo umetanuka, tumemlaza.

Saa 8 wali maharage, na mimi mwenyewe nanyoosha mkono kwenye chumvi, msinisute.

Saa 9 dada kamaliza chupa 2 za dawa ya kifua, kikohozi kikavu kiko palepale, kumbe ni enalaprili anayomeza ndo inamkohoza, kabadilishiwa dawa nyingine, losatani.

Saa 12 jioni niko kwenye foleni ya magari, binti wa yule babu kapiga: "Sista ameshameza, sasa hivi kaweka kiti mlangoni kwa choo hataki mtu apite."